Bundi na Wenyeji Wake

Mwishoni mwa Januari 2019 bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge jijini Dodoma. Minong'ono ikazagaa miongoni mwa wabunge, kwani hakuna Mtanzania asiyejua bundi husemwaje. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akawatuliza: kwa mila za watu wa Dodoma, alisema, bundi anayeonekana mchana hana madhara. Habari ikavuka mipaka ya nchi, na wengi walioipokea huko nje waliiona kioja cha siku moja. Hawakupima uzito wa kile alichokifanya Spika. Hakusema kwamba bundi ni ndege kama kunguru na njiwa, wala hakumtangazia vita. Alirejea kile ambacho wenyeji wa mahali pale wanajua kuhusu ndege huyu, na katika ujuzi wao ikapatikana nafasi ya bundi.

Msikilizaji wa Tarime na Serengeti, mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye nafasi hiyo. Kuna mahali Afrika Mashariki ambapo mwenyeji huongoza watu msituni kumtafuta bundi, akiwaeleza njiani mambo ya kitaalamu pamoja na yale aliyosikia kwa bibi na babu yake. Matembezi ya namna hiyo yamewasaidia ndege na yamewapa vijana kazi. Mkoa wa Mara una bundi wengi, una wazee wenye elimu ya ardhi yao, na una watalii wanaopita langoni kila siku. Matembezi yenyewe ndiyo bado.

Kwanza, bundi wenyewe. Serengeti ina aina zaidi ya 500 za ndege, na bundi wake peke yao wangetosha kumshughulisha mtu kwa miaka. Yupo bundi mkubwa kuliko wote wa Afrika, ambaye wataalamu humpa jina la Verreaux, mwenye urefu wa zaidi ya nusu mita na kope za rangi ya waridi. Anapofumba macho juu ya mgunga, hata mtoto atamtambua kwa kope hizo. Huyu ana nguvu ya kumla kalunguyeye hata akiwa na miiba ya kumlinda. Yupo bundi mdogo wa madoadoa meupe, anayetosha kwenye kiganja, ambaye hulia hata mchana. Kisogoni ana mabaka mawili meusi yanayofanana na macho, hivyo adui anayemnyemelea kwa nyuma hudhani ametazamwa. Yupo anayeishi chini katika majani ya mbugani, haketi juu ya mti ila kwa nadra. Yupo wa msitu wa kando ya mto, dume na jike wakiitana na kujibizana usiku kucha. Na yupo yule mweupe wa uso wenye umbo la moyo, anayependa dari za makanisa, maghala na majengo ya zamani ya mjini. Huyo wa mwisho ndiye anayejulikana zaidi, na ndiye anayeuawa zaidi, kwa kuwa ameamua kuishi na watu.

Anauawa kwa sababu ya hofu. Sehemu nyingi za nchi, Mara ikiwemo, bundi akilia juu ya paa huhesabiwa kuwa ameleta habari ya msiba, au ametumwa na mtu mbaya. Kijana hutumwa achukue manati, kiota huvunjwa, makinda hutupwa. Mwenye nyumba hulala akiwa ametulia. Lakini darini, mahali bundi alipokuwa akiwinda, panya wamebaki na mahindi.

Wakulima wa magharibi mwa Serengeti hawahitaji kuelezwa habari za panya. Flora Magige na Rafael Senzota wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza panya na jamaa zake kwenye mpaka wa watu na wanyamapori katika eneo hilo hilo, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2006. Mwenye kihenge cha mahindi au ulezi hununua sumu ya panya gulioni. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu isigande. Panya aliyekula hafi papo hapo: huzurura siku kadhaa, mzito na mlegevu, akionekana kila mahali. Kwa bundi hicho ni chakula rahisi. Akimla na kuwapelekea makinda, sumu ile ile inaingia kwenye kiota. Kwa hiyo ndege ambaye angefanya kazi bila malipo anakufa mara mbili, kwa manati na kwa sumu, na mkulima analazimika kurudi dukani msimu unaofuata.

Uwezo wa bundi huyu wa darini ni wa kustaajabisha. Tundu moja la sikio lake liko juu kidogo kuliko jingine, hivyo sauti ya mguso wa panya kwenye majani makavu humfikia kwa namna mbili tofauti, na kwa tofauti hiyo hujua panya yuko wapi. Roger Payne wa Marekani, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kuchunguza nyimbo za nyangumi, alionesha kwa majaribio kwamba bundi wa aina hii anaweza kumnasa panya katika chumba chenye giza totoro. Kingo za manyoya ya mabawa yake zina meno laini kama ya kitana, yanayovunja mvumo wa hewa, hivyo huruka kimya. Ukimya huo ndio umemponza. Mtu hulala hajasikia kitu, akiamka anakuta ndege mkubwa mweupe amesimama kwenye boriti, na akili yake inakimbilia kwenye uchawi.

Hofu ya namna hii haiondolewi kwa bango barabarani. Mahali ambapo matembezi ya kumtafuta bundi yamejaribiwa ni pwani.

Karibu na Gede, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani S. Dillon Ripley aliandika kwa mara ya kwanza habari za kibundi wa msitu huo na kumpa jina la Bi Irene Morden: Otus ireneae. Hafikii sentimita 20 kwa urefu. Wapo wa kijivu, wapo wa kahawia iliyokoza na wapo wekundu kama udongo wa kule wanakoishi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa hapatikani penginepo duniani, hadi mwaka 1992 alipogunduliwa upande wa Tanzania, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki.

Mgeni anayekwenda Sokoke peke yake anaweza kumaliza wiki nzima asimwone. Mwongozaji aliyezaliwa kando ya msitu humwonesha asubuhi moja. Anaingia kwenye kichaka kinene, anainama, anasimama, anatazama matawi ya chini ambako jozi hupenda kubanana wakati wa mchana, kisha anawaashiria wageni wasogee mmoja mmoja. Ujuzi huo haukuletwa na mradi. David Ngala, mwenyeji wa eneo hilo, aliujua msitu vizuri, na akawa nguzo ya kazi ya watafiti walipokuja. Kutokana na kazi hiyo ya pamoja dunia ilijua jambo la kusikitisha. Mwaka 2010 Munir Virani na wenzake walichapisha ripoti kwamba bundi wa Sokoke wamepungua ukilinganisha na hesabu ya 1993, na kwamba kidole cha lawama kinaelekezwa kwenye ukataji wa mihuhu.

Muhuhu ni mti mgumu, wenye harufu nzuri, unaopendwa na wachonga vinyago. Ndio pia mti ambao inadhaniwa bundi hutagia mashimoni mwake. Twiga wa mbao anayeuzwa hotelini kwa mtalii aliyekuja kuona wanyama huenda ametoka kwenye mti uliokuwa na shimo la kiota. Mwongozaji anaweza kulieleza hilo akiwa amesimama mbele ya kisiki chenyewe, na mgeni akaelewa bila hotuba. Msikilizaji, kufundisha namna hii hakuwezekani ndani ya gari lililofungwa vioo.

Fedha zinazotokana na wageni zimeelekezwa mahali pa kuonekana. Tangu 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa likisaidia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu na hori ya Mida, sehemu yake ikitokana na ada za wageni. Mzazi ambaye mwanawe amesoma kwa fedha za ndege ana sababu ya kumwuliza jirani yake msumeno ule unaelekea wapi.

Kusini zaidi, Kwale, ipo Kaya Kinondo ya Wadigo. Kaya ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na mwaka 2008 UNESCO iliweka kadhaa kati ya misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Kinondo ni kipande kidogo tu cha msitu kando ya bahari, lakini wazee wamefungua mlango wake kwa masharti yao. Anayeingia hufungwa kaniki kiunoni. Kofia huvuliwa. Haruhusiwi kuokota hata jani, wala wapenzi kubusiana. Mwongozaji, kijana wa pale pale, humwonesha mti wa dawa ya tumbo, mti wa dawa ya homa, na mti mkubwa wa kukumbatia. Zipo sehemu ambazo mgeni hafikishwi, na haelezwi kwa nini. Hapo ndipo pana somo kubwa kwa Mara, na litarudiwa baadaye kidogo: wenye mila ndio waliochora njia.

Pemba nayo ina bundi wake, asiyepatikana mahali pengine popote. Aliandikwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Pakenham mwaka 1937, na huonekana katika msitu wa Ngezi na hata kwenye mashamba ya mikarafuu. Wageni hupelekwa kumtafuta magharibi inapoingia. Lakini mfano wa Pemba unaogusa zaidi ni wa popo. Kisiwa hicho ndicho kilichotikiswa na hofu ya popobawa mwaka 1995, watu wakalala nje kwa makundi wakimwogopa jini aliyepewa umbo la popo. Kwa mantiki ya manati, popo wa kweli wangemalizwa mwaka ule. Badala yake vijiji viliunda vikundi vya kuwalinda popo wakubwa wa Pemba, ambao mwaka 1996 walikuwa wamewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Pale Kidike wanakijiji wakaanza kuwaongoza wageni kuwaona wakining'inia mitini. Hesabu ya mwaka 2007 ilikaribia popo 20,000. Hofu ya jini ilikuwepo, na ulinzi wa mnyama ukafanyika. Watu wale wale waliyabeba yote mawili.

Mbali zaidi, kaskazini mwa Serbia, mji wa Kikinda hupokea mamia ya bundi kila majira ya baridi, wakijazana kwenye miti ya uwanja wa katikati ya mji. Zamani wakazi waliwafukuza na kuwaua kwa kuamini wanaleta kifo. Siku hizi watalii husafiri kutoka nchi nyingine kusimama chini ya miti hiyo na kuhesabu. Kumbe Ulaya nayo ilikuwa na manati yake.

Sasa turudi Mara. Wako wanaosema wenyeji wa huku hawana mila ya kuhifadhi, wana mila ya kuwinda tu. Kauli hiyo si ya kweli, na imeumiza. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliwasikiliza wazee wa Kinata, Kiikoma, Kiishenyi, Kingoreme na Kitatoga, na katika kitabu chake cha 2007 kuhusu kumbukumbu za nchi ya Serengeti alionesha jinsi historia yao ilivyofungwa kwenye mahali: mlima huu, chemchemi ile, kichaka kile. Yapo maeneo ya misambwa, yaani ya mizimu ya ardhi, ambako mti haukatwi ovyo na maji hayachafuliwi. Wanata husimulia asili yao kwa kukutana kwa mwindaji Nyamunywa na mkulima Nyasigonko, mwanamume wa porini na mwanamke wa shamba. Waikoma wana Machaba, pembe za tembo zinazoheshimiwa kama kiini cha kabila. Wakurya wa Tarime wana koo zenye wanyama wao wa heshima, pundamilia na chui wakiwamo, ambao mtu wa ukoo husika hawachezei. Baadhi ya mahali pa mababu pamebaki ndani ya mipaka ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, na wazee wenye majina ya mahali hapo wanapungua.

Sayansi ya huku huku inaunga mkono thamani ya vichaka hivyo. Mwaka 2009 Gregory Sharam, Anthony Sinclair na Roy Turkington walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu misitu ya kando ya mito ya Serengeti. Waligundua kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa ndege hushambuliwa kidogo na wadudu waharibifu, na hivyo huota vizuri zaidi. Msitu ukichomwa na kupungua, ndege walao matunda hupungua. Wakipungua, mbegu nyingi huliwa na wadudu. Na msitu unazidi kurudi nyuma. Bundi wa msitu anayehitaji shimo la mti mkubwa anapoteza nyumba katika mnyororo huo huo, ingawa yeye hali tunda hata moja.

Matembezi yenyewe yangekuwaje? Usiku wa manane haufai. Serengeti kuna tembo wanaoingia mashambani, kuna fisi na nyoka, na ndani ya hifadhi mgeni hutakiwa awe kambini giza likiingia. Njia ya busara ni kuanza saa kumi na moja jioni, nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya kijiji, na kumaliza mara baada ya jua kuzama. Saa hiyo kibundi wa madoadoa yuko kazini, na wakubwa wanaanza kunyoosha mabawa. Vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, kama Robanda na Nattambiso, tayari vina ardhi iliyotengwa na askari wao wa wanyamapori wanaojua kila korongo. Tarime haimo katika jumuiya hiyo, lakini ina miamba ya milimani, ina miti ya kando ya Mto Mara, na pale Bomani na vitongoji vyake ina majengo ambayo bundi mweupe huyapenda.

Chini ya mti anakolala bundi, mwongozaji huokota tonge la manyoya na mifupa ambalo ndege amelitapika, kwa kuwa bundi humeza panya mzima na kurudisha asichoweza kusaga. Tonge hilo hupasuliwa juu ya karatasi. Mafuvu yanahesabiwa: moja, mawili, wakati mwingine manne. Mkulima aliyekuja akiwa na shaka anaona kwa macho yake ni nani aliyekuwa analinda kihenge chake jana usiku. Hakuna kipindi cha redio, hata hiki, kinachoweza kushindana na karatasi ile. Wanafunzi wa shule za msingi wapelekwe kabla ya watalii, kwa sababu wao ndio wenye manati.

Mwongozaji asifiche hofu. Mgeni akiuliza bundi husemwaje Mara, aambiwe kama wazee wanavyosema, bila kupunguza na bila kuona haya. Kisha aambiwe lingine: bundi huvutwa na nyumba yenye panya, na nyumba yenye mgonjwa taa huwaka usiku, wadudu hufuata taa, na walao wadudu hufuata wadudu. Bundi aliyelia usiku wa kuamkia msiba aliwahi kulia pia usiku mwingi ambao hakuna aliyefariki, ila usiku huo haukuwekwa akilini. Mzee mwenye hekima akiyasikia hayo hatoki akiwa amedharauliwa. Ameongezewa neno katika mazungumzo ambayo yeye ndiye mwenyeji wake.

Tochi zifunikwe kwa karatasi nyekundu, mwanga usielekezwe machoni mwa ndege. Wapo waongozaji wanaocheza sauti ya bundi kwa simu ili ajitokeze. Mara moja si neno, lakini kila jioni ni kumchosha dume anayedhani amevamiwa, na jike anaweza kuacha mayai. Kiota chenye makinda kisikaribiwe.

Kuna pingamizi zito, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Baadhi ya wazee watasema mahali pa misambwa si pa kuuzia tiketi. Wana haki. Ndiyo maana mfano wa Kinondo ulitajwa: mlango umefunguliwa na wenyewe, na vyumba vingine vimebaki vimefungwa. Katika Mara, wazee wa mila ndio wakae kwanza, wataje wapi mgeni apite na wapi asikanyage, kabla halmashauri au kampuni haijachora ramani. Akina mama wanaokwenda kuni na maji waitwe pia kwenye kikao hicho, maana mara nyingi ndio wanaojua shimo lipi lina bundi mwaka huu.

Na fedha ziandikwe ubaoni. Kiasi cha mwongozaji, kiasi cha mzee aliyesimulia, kiasi cha mfuko wa kijiji, vyote visomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka, kama yanavyosomwa mapato mengine. Bundi wote duniani wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe pori, na Tanzania ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, lakini askari hawezi kusimama chini ya kila paa la bati kutoka Sirari hadi Mugumu. Kamati za maliasili za vijiji vya Ikona zinaweza kuanza na njia moja fupi, kijana mmoja mwenye darubini na mzee mmoja mwenye majina ya mahali, kabla mahindi ya msimu huu hayajaingia vihengeni na sumu ya panya haijapangwa tena gulioni.